Dirisha la Dawa: "Nipe za buku tu"

Juni imeingia na ukungu wake, na hapa Mwanjelwa, Mbeya, alfajiri watu wanapita wamejifunga vitenge hadi puani. Msimu huu barua huja nyingi, na karibu zote zinauliza kitu kilekile: dawa gani? Safari hii nimechambua zile za antibiotiki tu, yaani dawa za kuua bakteria. Ndizo zilizojaa, na baada ya miaka mingi nyuma ya dirisha la dawa, kwanza hospitalini na sasa dukani, nina ya kwangu ya kusema. Kabla ya "dawa gani" kuna swali ambalo wengi mnaliruka: "naumwa nini?" Nitajibu kwa lugha ya dirishani. Anayetaka maneno matamu aende ukurasa wa mapenzi.

*Shikamoo mama. Mwanangu wa miaka mitatu anakohoa tangu baridi ilipokaza, makamasi yamekuwa mazito ya kijani. Nilikuwa na amoksilini ya maji iliyobaki ya kaka yake, nikampa siku mbili akachangamka, nikaacha. Sasa kikohozi kimerudi. Nimnunulie antibiotiki ya Azuma au achomwe sindano?*
*Mama Wawili, Uyole*

Marahaba, mwanangu. Kwanza tuiondoe hiyo rangi ya kijani kichwani. Kamasi hugeuka njano au kijani kwa sababu ya chembe nyeupe za damu zinazopambana humo puani, na hupambana hivyohivyo awe kirusi au bakteria. Mafua ya kawaida huletwa na virusi. Antibiotiki haiui kirusi, hata ukimpa chupa nzima kwa mkupuo. Mtoto alichangamka kwa sababu mafua yalikuwa yanaelekea kuisha yenyewe, sifa ikachukuliwa na amoksilini. Sasa inawezekana kabisa kaokota mafua mapya kwa wenzake.

Unachotakiwa kujua ni namna anavyopumua. Mpakate akiwa ametulia, hajalia, hajatoka kukimbia. Mfunue fulana, weka simu yenye saa mbele yako, uhesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima. Dakika nzima, si nusu halafu uzidishe, maana watoto hupumua kwa kukatakata. Kwa mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Kwa wa miezi 2 hadi 11 ni 50. Kwa kichanga aliye chini ya miezi miwili ni 60, na huyo anapelekwa usiku huohuo, hamsubiri kukuche. Mtoto akipumua haraka hivyo, inaweza kuwa nimonia, na hapo ndipo amoksilini inapostahili heshima yake. Ipo ya vidonge vinavyoyeyushwa kwenye maji kidogo, imetengenezwa kwa ajili ya watoto, na dozi hutolewa kwa umri na uzito wake mwenyewe, si wa kaka yake. Kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa, hanyonyi wala hanywi, anatapika kila kitu, amelegea au amepata degedege, usipite dukani kwangu wala kwa mtu mwingine. Nenda hospitali moja kwa moja.

Ile chupa iliyobaki, mwaga. Unga wa amoksilini ukishachanganywa na maji hudumu kama wiki moja, na kibandiko kinasema. Iliyokaa kabatini nyuma ya kopo la sukari tangu Pasaka ni maji matamu tu.

Mpe vinywaji vya uvuguvugu, msafishe pua kabla ya kula na kulala, na usiku kijiko kidogo cha asali kinatuliza koo kwa sababu amepita mwaka mmoja. Aliye chini ya mwaka haruhusiwi asali kabisa. Kikohozi cha mafua kinaweza kuburuza wiki mbili, hata tatu. Ila kikipita wiki mbili na mtoto anapungua uzito, au nyumbani kuna mtu mwenye kifua kikuu, akapimwe TB. Dawa zake ni bure.

Na jiko la mkaa litoke chumbani. Nawajua watu wa Uyole mnavyolala nalo. Moshi wake unachokoza kifua cha mtoto, na hewa yake ya sumu haina harufu, inaua familia nzima usingizini. Halafu msimpeleke akakatwe kimio. Najua kuna bibi jirani ameshashauri.

*Mama mfamasia, salaam. Sisi huku mashambani mtu akijikata kwa panga tunafungua kapsuli ya rangi mbili, tunamwagia ule unga kwenye kidonda. Kinakauka vizuri. Wajukuu wananikataza. Nani yuko sahihi?*
*Mzee wa Chai, Mufindi*

Shikamoo mzee wangu. Wajukuu. Ule unga unatengeneza gamba juu, wewe unaona kimekauka, kumbe chini usaha unajikusanya. Kapsuli imetengenezwa ifunguke tumboni, dawa ipite kwenye damu kwa kipimo kinachojulikana. Juu ya kidonda hakuna kipimo, na bakteria wa ngozi wanaionja kidogokidogo hadi wanaizoea. Osha kwa maji mengi safi yanayotiririka na sabuni, funika kwa kitambaa safi, kibadilishe kila siku. Pakivimba, pakiwa pa moto, mstari mwekundu ukianza kupanda, au homa ikija, hapo unahitaji antibiotiki ya kumeza au ya sindano, tena kwa kuonwa. Panga lenye udongo lina jambo jingine: pepopunda. Uliza chanjo yake siku hiyohiyo, usingoje taya likaze.

*Hujambo mama na kazi. Tangu Januari nimepimwa taifodi mara nne na kila mara inaonekana. Karatasi ya mwisho imeandikwa O 1:80, H 1:160. Nimemeza antibiotiki ya cipro, nikachomwa sindano siku tano, nikarudia cipro. Mwili bado unachoka na kichwa kinauma jioni. Je, nina taifodi sugu?*
*Mwalimu, Makambako*

Mwalimu, wasiwasi wangu ni kwamba huenda mwaka huu hujaumwa taifodi hata mara moja.

Hizo namba ni za kipimo cha Widal, kinachoitwa kwa jina la Mfaransa aliyekitangaza mwaka 1896. Hakitafuti bakteria wa taifodi. Kinatafuta kinga ambazo mwili uliwahi kutengeneza dhidi yake au dhidi ya ndugu zake. Kinga hizo hubaki kwenye damu kwa miezi baada ya ugonjwa kwisha, na maambukizi mengine, malaria ikiwemo, yanaweza kukidanganya kipimo. Kwa nchi kama yetu, ambako wengi tumekutana na hao wadudu kwenye maji na vyakula, 1:80 unaweza kuikuta kwa mtu mwenye afya anayecheza mpira. Ili Widal iseme kitu cha maana, damu inatakiwa ipimwe mara mbili, kama siku kumi au wiki mbili kati yake, kuona kama kiwango kimepanda mara nne. Nani amewahi kukwambia urudi kwa kipimo cha pili? Hakuna. Kipimo hiki kinapendwa kwa sababu ni cha bei nafuu, majibu yako tayari kabla hujamaliza soda, na mgonjwa anaondoka na karatasi yenye jina la ugonjwa. Karatasi ikishakuwa na jina, cipro inafuata.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, na ichukuliwe kabla hujameza antibiotiki yoyote. Kinachukua siku kadhaa, si kila hospitali inacho, na hata hicho huwakosa baadhi ya wagonjwa. Lakini kikisema ndiyo, ni ndiyo, na kinaonyesha dawa ipi itafanya kazi.

Sisemi taifodi ni hadithi. Taifodi ya kweli haina mchezo: homa inapanda siku hadi siku na haishuki, kichwa, tumbo, kufunga choo au kuharisha, na ikiachwa inaweza kutoboa utumbo. Lakini hiyo humlaza mtu kitandani. Haimwachi afundishe vipindi vyote kisha kichwa kimuume jioni.

Kwa hiyo acha cipro na urudi kwa daktari na swali tofauti. Usiseme "nina taifodi". Sema "nachoka na kichwa kinauma tangu Januari". Apime presha, sukari, wingi wa damu, VVU. Kama ulishuka Kyela au Dar es Salaam kabla ya homa, apime malaria. Aangalie macho, aulize usingizi wako. Kama una kikohozi mwambie mapema, kwa sababu cipro ni ya kundi moja na dawa zinazotumika kwa TB sugu. Ukiimeza hovyo, TB inatulia kwa muda, vipimo vinachelewa kuiona, nayo inaendelea kuchimba. Na ukisikia maumivu nyuma ya kisigino, taja pia: cipro ina tabia ya kudhuru kano, na wewe umeirudia.

*Kamwene mama, na shikamoo. Nasoma chuo hapa Iringa. Nimetibiwa UTI mara tatu muhula huu, kila mara dawa kali zaidi. Sasa nawashwa sana na natokwa na uchafu mweupe kama maziwa yaliyokatika. Wameniambia ni UTI sugu na inatokana na vyoo vya hosteli.*
*Mchovu wa Hosteli*

Kamwene mwanangu. Vyoo vya hosteli vina dhambi nyingi, ila hii vinasingiziwa. Maambukizi ya mkojo mara nyingi huletwa na bakteria wanaoishi kwenye utumbo wako mwenyewe, E. coli hasa, wakisogea hadi kwenye njia ya mkojo, ambayo kwa mwanamke ni fupi sana. Dalili zake ni kuungua unapokojoa, kwenda chooni kila mara kwa matone, na maumivu chini ya kitovu. Ikiongezeka homa, kutetemeka na maumivu ya mgongo upande mmoja, imefika kwenye figo, na hiyo ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Wewe hujaandika hata moja kati ya hizo. Umeandika kuwashwa na uchafu mweupe mzito, na umeandika antibiotiki mara tatu. Hiyo inafanana sana na fangasi, na yaelekea imeletwa na matibabu yenyewe. Ukeni kuna bakteria wema wanaomzuia fangasi asitawale. Antibiotiki haichagui, inawafagia nao, fangasi anabaki na uwanja. Ukiongezwa nyingine kali zaidi, anashangilia. Nenda ukaangaliwe, upewe dawa ya fangasi, na muhula huu antibiotiki zipumzike.

Siku nyingine dalili za mkojo zikija kweli, na hasa zikirudi, omba mkojo wako uoteshwe. Wapo wanaodhani ni maneno ya kupoteza muda, kwa hiyo nieleze kinachofanyika. Mkojo wa katikati, yaani ule wa mwanzo unaacha upite, unachukuliwa kwenye chombo safi. Maabara wanaupaka kwenye sahani yenye kitu kinachofanana na jeli na kuuacha kwenye joto la mwili usiku kucha. Bakteria wakiota, wanahamishiwa sahani nyingine, na juu yake wanapangwa vijiduara vya karatasi, kila kimoja kimelowekwa antibiotiki yake. Kesho yake unaona kwa macho. Kuzunguka dawa inayowaweza, sahani imebaki tupu, duara safi. Kuzunguka dawa waliyoizoea, wameota mpaka wameigusa ile karatasi. Siku mbili tatu unapata jibu ambalo hakuna muuzaji anayeweza kukubahatishia. Ulizia kwenye hospitali kubwa za mkoa. Na mjamzito asipuuze: kwake bakteria kwenye mkojo hutibiwa hata kama hasikii chochote.

Maji kunywa ya kutosha, kojoa baada ya tendo, jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Sabuni za manukato huko ndani, hapana.

*Mama samahani kwa swali la aibu. Ni dereva wa lori, njia ya Tunduma. Nilianza kutoka usaha nikikojoa, rafiki akanipa cipro zake zilizobaki. Ulikata siku mbili umerudi. Mke wangu yuko nyumbani hajui kitu.*
*D., barabarani*

Dirishani hakuna aibu, mwanangu. Hiyo inaelekea kuwa gono, na bakteria wa gono walishaizoea cipro sehemu kubwa ya dunia. Rafiki yako amekupa dawa iliyoshindwa, tena mabaki yake. Siku hizi gono hutibiwa kwa sindano ya seftriaksoni pamoja na dawa nyingine ya kumeza, kwa sababu mara nyingi husafiri na mwenzake, klamidia. Sindano hiyo usichomwe gesti wala nyuma ya duka, nenda kituo cha afya. Pima na VVU na kaswende papo hapo.

Sasa la mkeo. Anaweza asiwe na dalili yoyote huku ugonjwa unapanda kwenye mirija ya uzazi, na kama ni mjamzito mtoto anaweza kuzaliwa na macho yaliyoambukizwa. Ukitibiwa peke yako, ukirudi nyumbani unaupokea upya. Usimpelekee vidonge kwenye bahasha ukasema ni vitamini, nimeliona hilo na liliishia pabaya. Mweleze mhudumu, omba akusaidie namna ya kumwita, kituoni hiyo ni kazi yao ya kila siku. Baada ya matibabu, siku saba bila kukutana, nyote wawili, na mwingine yeyote aliyehusika.

*Ndaga mama. Ng'ombe wangu alivimba kiwele, nikamchoma OTC mwenyewe na kumwekea ya tyubu kwenye chuchu moja. Amepona, lakini maziwa yake hayataki kuganda. Siku mbili yako vilevile. Mteja wa Tukuyu mjini amerudisha ndoo, na mama watoto anasema tumelogwa.*
*Mfugaji, Rungwe*

Ndaga fijo, yaani asante sana, kwa hii. Nilicheka mwenyewe dukani. Mwambie mama watoto mchawi ni sindano. Mtindi unagandishwa na bakteria. OTC, yaani oksitetrasaiklini, iko ndani ya maziwa na inawaua au kuwadumaza hao bakteria wa mtindi, sawa na inavyowafanya wale wa kwenye kiwele. Kibuyu chako kimekupimia kitu ambacho viwanda vya maziwa hukipima kwa vifaa maalumu.

Mteja wako alifanya vizuri kurudisha. Mtu mwenye aleji ya penisilini anaweza kudhurika kwa kikombe cha chai, na tyubu nyingi za chuchu zina dawa za jamii hiyo. Wengine wote wanaokunywa wanapata dozi ndogondogo wasiyoijua, bakteria wa matumboni mwao wanafanya mazoezi. Kuchemsha hakuondoi dawa. Inaua wadudu wa maziwa tu.

Kwenye kichupa na kwenye boksi la tyubu pameandikwa siku ambazo maziwa hayauzwi wala kunywewa. Zihesabu kuanzia dozi ya mwisho, si ya kwanza. Na ni maziwa ya chuchu zote nne, hata kama tyubu iliingia moja. Najua inauma kumwaga, hasa ada za shule zinapokaribia, lakini ndoo moja yenye dawa ikichanganywa kwenye tangi la wengi inaharibu maziwa ya majirani wote. Mara nyingine mwite mtaalamu wa mifugo kabla ya sindano. Mwenye kiwele kibovu mkamue wa mwisho, na osha mikono kabla ya kwenda kwa mwingine, maana ugonjwa huo hutembea na mkono wa mkamuaji.

Na ninyi wa kuku wa kisasa msijifiche nyuma ya ng'ombe. Unga mnaotia kwenye maji ya vifaranga kila siku mkiuita vitamini, geuzeni pakiti msome. Wengi mtakuta oksitetrasaiklini ileile.

*Dada mkubwa, habari za Mbeya. Nina duka la dawa muhimu huku Ludewa. Mtu anakuja na buku, shilingi elfu moja, anasema "nipe za buku tu". Nikimkatalia anakwenda duka la pili anapewa, mimi nimepoteza mteja na yeye amepata nusu dozi vilevile. Nifanye nini?*
*Muuzaji mwenzako*

Mdogo wangu, barua yako ndiyo iliyonifanya nichague mada hii. Tukiongelea antibiotiki hadharani tunamlaumu mgonjwa kwamba hana elimu. Wengi wanaosimama mbele yangu wanaelewa kabisa kwamba dozi haijatimia. Hawana hela. Na upande wetu wa dirisha tunajua tunachokata kwa mkasi.

Tuhesabu. Kapsuli sita za amoksilini za miligramu 250. Mtu mzima akiandikiwa mbili mara tatu kwa siku, amemaliza kila kitu kabla ya kulala. Siku moja. Bakteria dhaifu wamekufa, wale wagumu wamebaki bila mshindani, na E. coli akipata mazingira mazuri huweza kugawanyika kila baada ya dakika 20. Kibaya zaidi, wanapeana hata vinasaba vya ugumu, mpaka kwa bakteria wa aina nyingine.

Hili halijaanza Ludewa. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini London mwaka 1928, alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 1945 alieleza kisa cha kubuni cha bwana mmoja anayeumwa koo. Ananunua penisilini, anameza kidogo, haitoshi kuua bakteria ila inatosha kuwafundisha kuistahimili. Anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anatibiwa kwa penisilini, haimsaidii, anakufa. Fleming akauliza nani mwenye lawama. Wakati huo dawa yenyewe ilikuwa ngeni madukani. Ilipofika 2019, watafiti walikadiria vifo milioni 1.27 duniani vilivyosababishwa moja kwa moja na bakteria sugu, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyoumia kuliko kwingine.

Hatua ya kwanza, mwulize mgonjwa ni nani na anaumwa nini kabla hujafungua kabati. Wengi wa hao wa buku wana mafua. Buku hiyo inanunua parasetamo ya kutosha na chenji inabaki, na umemsaidia kuliko kapsuli sita zisizo na kazi. Kuharisha kwa mtoto bila damu ni hivyohivyo: chumvichumvi ya kuchanganya na maji, pamoja na zinki siku kumi hadi kumi na nne, si antibiotiki kama flajili. Kukiwa na damu, mpeleke zahanati.

Akiwa na cheti na kweli anahitaji antibiotiki, usikate. Mpigie aliyeandika, uliza kama ipo ya bei nafuu inayofanya kazi ileile. Mara nyingi ipo, kwa sababu wengine huandika jina la kampuni kwa mazoea. Mtoto chini ya miaka mitano na mjamzito wanastahili huduma bila malipo vituo vya serikali, mwelekeze huko. Najua utanijibu dawa zilikuwa zimeisha. Huo ni ukweli, na siupambi. Basi kama unamfahamu, mpe dozi nzima kwa mkopo. Nawajua wauzaji wanaofanya hivyo na wanalipwa, kwa mahindi au kwa viazi.

Na yule wa duka la pili, kaa naye. Maduka ya dawa muhimu yalianzia huku kwetu kusini, Ruvuma, mwaka 2003, ili vijiji visivyo na famasi vipate dawa salama kutoka kwa mtu aliyefundishwa. Mmepita mafunzo yaleyale. Mkikubaliana wawili tu kwamba hakuna anayekata, mteja hana duka la tatu la kukimbilia. Orodha ya antibiotiki mnazoruhusiwa mnayo ukutani, na ya kwenye cheti haitoki bila cheti. Akikasirika, mwambie akanilaumu mimi.

Waliouliza kwa ufupi:

Koo linauma, nimeze nini? Likija na kikohozi, mafua na sauti kukauka, ni virusi: maji ya chumvi ya kusukutua na parasetamo. Ila mtoto wa shule mwenye homa, mafindofindo yaliyovimba yenye madoa meupe, tezi za shingo zinazouma na *bila* kikohozi, aonwe. Inaweza kuwa streptokoki, na hiyo ikipuuzwa huweza baadaye kuharibu vali za moyo. Akiandikiwa penisilini ya kumeza siku 10, ni 10, hata kama siku ya tatu anacheza rede.

Cipro inakata tumbo, naweza kumeza kwa maziwa? Hapana. Kalsiamu ya maziwa inaikamata dawa tumboni, nyingi inatoka bila kuingia kwenye damu. Vivyo hivyo doksisaiklini na ndugu zake. Meza kwa maji, maziwa baada ya saa kadhaa. Na doksisaiklini usiimeze ukalala hapohapo, inachoma njia ya chakula.

Dozi ya siku tano na ya siku kumi, ipi ndiyo kamili? Uliyoandikiwa. Magonjwa mengi siku hizi yana dozi fupi zilizofanyiwa utafiti. Fupi si nusu.

Niko kwenye flajili, glasi moja tu ya ulanzi itanidhuru? Kibandiko kinakataza pombe wakati wote wa dozi na hadi siku tatu baada ya kidonge cha mwisho, kwa sababu wapo wanaotapika, uso kuwaka na moyo kwenda mbio. Ulanzi ni pombe, hata ukiwa mtamu wa asubuhi. Na kama siku kumi bila ulanzi ni ndefu mno, hilo ni swali jingine, liandikie barua yake.